Kwa nini gari la Revs linakuzungusha kila kona

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, mwaka wa pili, niko Morogoro. Gemu za magari nimezicheza tangu darasa la nne, na kwenye simu hakuna anayenifikia hapa hosteli. Juzi nilifungua Revs, gemu ya zamani ya kompyuta ya BBC Micro, kwenye emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta ile. Leo siku ya tatu, sijamaliza hata mzunguko mmoja. Nikigusa kona tu gari linazunguka kama pia, linaishia kwenye uzio. Wanaoisifu wanaona nini? Gemu ina kasoro au kasoro ni yangu? Na kama ni kazi kubwa kweli, iliingiaje kwenye kompyuta ya kilobaiti 32?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Gemu haina kasoro, na mikono yako ni mizima. Ulichofanya ni kuingia kwenye gari la mbio ukaliendesha kama gari la gemu. Mimi Revs niliikuta kwenye BBC Micro yenyewe, nilipokuwa nasoma Uingereza, na wiki nzima ya kwanza niliimaliza kwenye uzio huohuo unaoulalamikia. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, maana hii ni gemu ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kugusa, na sitaki uiache kabla hujaijua.

Tuanze na hizo ulizozoea. Nyingi zina ukoo na Pole Position, ambayo Namco waliitoa mwaka 1982 kwa mashine za kumbi za michezo, kisha ikahamishiwa kwenye kompyuta za nyumbani, BBC Micro ikiwemo. Ukiitazama unaona barabara inakujia, inapinda, na milima iko kwa mbali. Lakini ukiingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta kuitafuta barabara hiyo, huikuti. Utakuta orodha ya namba tu: hapa nyoosha, hapa pinda kulia kidogo, hapa pinda sana. Programu inachora skrini mstari kwa mstari, kila mstari ukisogezwa kidogo upande mmoja, na jicho linasadiki kwamba ni kona. Gari lako lenyewe halina pa kuzungukia. Liko chini ya skrini muda wote, pua mbele. Ukifika kwenye kona programu inalisukuma nje, wewe unalirudisha ndani, basi. Hata gia ziko mbili tu, ya chini na ya juu. Sisemi haya kuidharau. Kwa ilichokusudia, Pole Position ni gemu safi sana. Nataka uone tu kwamba vidole vyako vimefundishwa kusukumana na kona, na ukikosea programu inakunyoosha kimyakimya.

Revs imetoka mlango mwingine kabisa. Aliyeitunga ni Geoff Crammond, Mwingereza, mhandisi aliyewahi kufanya kazi kampuni ya Marconi. Kabla ya gari alishatunga Aviator, gemu ya kurusha ndege ya Spitfire, iliyotolewa na Acornsoft, tawi la programu la kampuni ya Acorn, mwaka 1983. Mtu anayetunga gemu ya ndege hawezi kukwepa nguvu: bawa linainua, hewa inakinza, injini inavuta, uzito unashusha, na ndege inakwenda kule ambako jumla ya hizo zote inaipeleka. Crammond alipohamia kwenye gari, alihama na mazoea hayo. Hakujiuliza gari linapaswa kuonekanaje kwenye kona. Alijiuliza ni nguvu gani zinalishika pale, akaiachia programu ipige hesabu.

Na alikuwa na mtu wa kumuuliza. Acorn, kampuni ya Cambridge iliyounda BBC Micro, ilikuwa inamdhamini David Hunt, dereva wa Formula 3, daraja la mbio lililo chini ya Formula 1, na mdogo wake James Hunt, yule bingwa wa dunia wa Formula 1 wa mwaka 1976. Gari lililoingizwa ndani ya gemu ni Ralt RT3 yenye injini ya Toyota, ya aina ileile ambayo Ayrton Senna alichukulia ubingwa wa Formula 3 wa Uingereza mwaka 1983, akibanana na Martin Brundle mpaka mwisho wa msimu.

Hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu aina ya gari ndiyo inayoeleza matatizo yako. Formula 3 ya wakati ule ilikuwa gari jepesi lenye injini ya lita 2, na kanuni zilitaka hewa yote ya injini ipite kwenye tundu la milimita 24. Weka kidole chako cha gumba juu ya meza ukione. Tundu lenyewe si pana zaidi ya hapo sana. Injini inapumua kwa shida, inatoa nguvu za farasi kama 160 hivi. Kwa gari la mbio hizo ni kidogo. Maana yake dereva wa Formula 3 hashindi kwa kukanyaga mafuta. Anashinda kwa kutopoteza spidi, kwa kuwa spidi ukishaimwaga kwenye kona, injini haina ubavu wa kukurudishia haraka. Kila kosa dogo unalilipia njia nzima inayofuata. Crammond angeweza kuchagua gari lenye nguvu za kutisha, lakini hili ndilo linalofundisha kuendesha.

Sasa kona yako. Umesimama kwenye daladala, dereva akakata kona bila kupunguza. Unajua mwili unavyovutwa upande. Nguvu inayohitajika kuligeuza gari haipandi sambamba na spidi. Inapanda kwa mraba wake. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 60. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linahitaji kuvutwa kwa ndani kwa mchapuko wa mita 8.2 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa kilomita 100, inakuwa 12.9. Umeongeza kilomita 20 tu, robo ya mwendo wako, lakini matairi yanadaiwa zaidi ya nusu juu ya kile cha mwanzo. Na kumbuka uvutano wa dunia ni 9.8. Tairi la kawaida kwenye lami kavu linaweza kushika kiasi kinachokaribia hapo. Kwa hiyo kwa 80 ungepita ukiimba, kwa 100 ungekuwa kwenye nyasi, na tofauti ya sindano kwenye mita hata usingeijali. Kwenye gemu za simu tofauti hiyo unasamehewa. Kwenye Revs unalipa yote.

Bado kuna jambo la pili, na hili ndilo linalokuzungusha. Tairi lina mfuko mmoja tu wa mshiko. Breki inachota humo, kukata kona kunachota humo, na kwa matairi ya nyuma mafuta nayo yanachota humohumo, kwa sababu injini inasukuma nyuma. Wewe, nina hakika, unafanya hivi: unafika kwenye kona na spidi kubwa, unafunga breki huku umeshaanza kukata usukani, unaona gari linachelewa kugeuka, unaongeza usukani, kisha unakanyaga mafuta kuliwahisha. Kwa mpangilio huo umechota mara tatu kwenye mfuko wa mara moja. Matairi ya mbele yakiishiwa kwanza, pua inakwenda moja kwa moja ingawa usukani umekatwa. Ya nyuma yakiishiwa kwanza, mkia unatoka, na mkia ukishatoka unavuta gari zima kama pia, kama ulivyosema. Programu inapiga hesabu ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Ndiyo maana unaweza kuzijua hali hizo mbili kwa kuona na kwa kusikia. Sikiliza mlio wa matairi. Ukiusikia, mshiko umeanza kukatika, na una muda mfupi sana wa kuachia kitu kimoja kati ya vile vitatu.

Twende Silverstone sasa, uwanja wa mbio wa Uingereza uliomo ndani ya gemu. Kona ya kwanza inaitwa Copse, inakwenda kulia. Umekaa ndani ya gari: kushoto na kulia unaona matairi mawili ya mbele, katikati mita ya mizunguko ya injini na sindano yake, namba ya gia, na vioo viwili vya pembeni ambavyo magari ya nyuma yanatokea yakiwa madogo kama punje. Umetoka kwenye njia iliyonyooka inayopita mbele ya vibanda vya mafundi ukiwa na spidi. Kaa kushoto mwa barabara. Usiiangalie pua ya gari. Angalia mbali, pale ukingo wa kulia unapoanza kufunga njia. Funga breki gari likiwa limenyooka, usukani hujaugusa, na shusha gia hapohapo. Sasa achia breki. Nasema achia, usiishikilie ukiingia. Ndipo ubonyeze usukani kwa vipande: gusa, achia, gusa, achia. Kwenye kibodi magurudumu hayarukii mwisho mara moja. Yanazidi kukata kadiri kidole kinavyokaa, kwa hiyo kidole kinachong'ang'ania kinaomba kona kali kuliko uliyotaka. Gari likielekea ukingo wa ndani, anza kuyarudisha mafuta, kidogo, kama mtu anayemimina uji kwenye kikombe kilichokaribia kujaa. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokwama, acha gari litanuke lenyewe mpaka ukingo wa kushoto. Barabara yote ni yako. Ukilazimisha kubaki ndani unayadai matairi bure.

Ukiipata Copse mara moja, utaijua kwa sikio kabla ya jicho: sauti ya injini inapanda bila kukatika na matairi yako kimya. Maggotts, kona inayofuata, haitakusumbua. Becketts na Chapel zinahesabiwa pamoja, kwa sababu namna unavyotoka Chapel ndiyo spidi yako katika Hangar Straight yote, njia ndefu kuliko nyingine pale, mpaka Stowe. Ukitoka Chapel umeteleza, utaona kwenye kioo punje linakuwa gari. Mwisho kabisa kuna Woodcote, yenye mpindo wa kona fupi zinazofuatana uliowekwa mwaka 1975 kupunguza kasi ya magari mbele ya majukwaa ya watazamaji. Ipite taratibu kuliko moyo unavyotaka. Mimi nimepoteza mizunguko mingi pale kuliko kona nyingine yoyote, na kila mara sababu ilikuwa kuiwahi.

Mabawa. Kabla ya kuanza gemu inakuuliza namba ya bawa la nyuma na la mbele, kutoka 0 hadi 40. Naamini uliandika chochote ukapita. Bawa la gari la mbio ni la ndege lililogeuzwa juu chini: hewa inaligandamiza gari kwenye lami, na mgandamizo huo nao unapanda kwa mraba wa spidi. Ndiyo sababu kona ya kasi inaweza kukushika vizuri na kona ya polepole ikakutupa. Kwenye ya polepole mabawa yamelala. Bawa kubwa linakupa mshiko lakini linakupunguzia mwendo kwenye njia iliyonyooka. Kwa kuwa shida yako ni mkia, anza na nyuma 40, mbele 20. Gari litakuwa zito kugeuka, pua itachelewa, lakini mkia utatulia na utaweza kujifunza. Ukishaimudu Silverstone hivyo, ongeza la mbele mbilimbili, uone gari linavyochangamka.

Umeuliza pia kuhusu kilobaiti 32, na kwa kuwa unasomea kompyuta sitakuruka hapo.

Kilobaiti 32 ni baiti 32,768. Picha moja unayotumiwa kwenye WhatsApp mara nyingi ni kubwa kuliko hiyo. Na Crammond hakuwa nazo zote. Muundo wa skrini aliouanzia, wa pikseli 160 kwa 256 zenye rangi nne, unakula baiti 10,240 peke yake. Mfumo wa kompyuta nao una sehemu yake pale chini. Kilichobaki kilipaswa kubeba barabara, magari mengine, injini, matairi, sauti, mita, vioo, msimamo wa mbio na menyu zote. Data ya Silverstone nzima, vilima na kona zake, inaingia kwenye takriban kilobaiti mbili.

Prosesa ni 6502 inayokwenda kwa megahezi 2. Haijui kuzidisha. Sijakosea: haina amri ya kuzidisha wala kugawanya, na haijui namba zenye nukta ya desimali. Ukitaka 13 mara 11 unalazimika kuivunja 11 kuwa 1, 2 na 8, kisha unaisogeza 13 biti kwa biti na kujumlisha: 13, jumlisha 26, jumlisha 104, unapata 143. Kila kuzidisha namba mbili za biti nane kwa njia hiyo kunaweza kula mizunguko mia na zaidi ya saa ya prosesa. Picha moja ya televisheni, ambayo ni sehemu moja ya 50 ya sekunde, ina mizunguko 40,000 tu. Sasa hesabu mwenyewe ni mara ngapi unaweza kuzidisha kabla muda haujaisha, ukikumbuka kwamba una barabara ya kuchora na magari yanayokufukuza. Ndiyo maana Revs inaonyesha picha chache kwa kila sekunde. Na ndiyo maana pembe nyingi ziliandaliwa mapema kwenye majedwali, programu ikabaki kusoma tu.

Barabara ya Revs, tofauti na ile ya Pole Position, ipo. Ina mahali pake kwenye ramani, kwa urefu, upana na kimo. Unaweza kugeuza gari ukaiona kwa nyuma, ukaendesha kinyume ukayakuta magari yanakujia uso kwa uso. Kila mara programu inajiuliza kuhusu vipande vya kingo vilivyo mbele yako: hiki kiko pembe gani kutoka machoni pa dereva, kulia au kushoto, juu au chini? Majibu hayo ndiyo yanayochorwa. Gari likizunguka, dunia nzima inazunguka nalo kwa sababu pembe zote zimebadilika. Kule kuzunguka kulikokukera siku tatu hakukuchorwa na mtu. Ni hesabu inayofika mwisho wake.

Halafu kuna anga. Hili nikikumbuka bado nasisimka. Ukiangalia juu ya skrini unaona bluu tupu, anga la Silverstone siku ya jua. Eneo lile la skrini linakalia kumbukumbu kama eneo lingine lolote, na Crammond hakukubali kuiacha kumbukumbu hiyo ikae bure kwa ajili ya rangi moja. Akahifadhi humo msimbo wa programu yenyewe. Kwa kawaida ungeuona kama takataka za vitone vya rangi. Yeye akaziagiza rangi zote nne za eneo lile ziwe bluu, kwa hiyo chochote kilichomo, baiti yoyote, inaonekana anga. Mstari wa skrini unapofika chini ya anga, saa iliyomo kwenye 6522, chipu inayoisaidia prosesa, inaikatiza prosesa kwa kitambo, rangi zinabadilishwa papo hapo, na hapo ndipo zinatokea nyasi za kijani, lami nyeusi na kingo za kona. Hili linarudiwa mara 50 kila sekunde, bila kukosea mstari. Unapoendesha kuelekea Stowe na kuliona anga limetulia, sehemu ya programu inayokuendesha imelala pale juu machoni pako.

Kama unataka kuyaona haya kwa macho ya mtu wa fani, Mark Moxon ameuchambua msimbo wote wa Revs, amri kwa amri, na kuuweka hadharani mtandaoni pamoja na maelezo. Anza na sehemu ya matairi. Utakuta hesabu nilizokueleza hapo juu zikiwa zimeandikwa kwa amri za 6502, na nadhani utajifunza humo kuliko muhula mzima wa somo la usanifu wa kompyuta, mradi una karatasi na kalamu karibu.

Sasa, dawa. Usiingie mbio wiki hii. Chagua mazoezi, uwe peke yako barabarani. Kama una kidhibiti chenye fimbo ya analogi, iunganishe kwenye emuleta kama fimbo ya BBC Micro, kwa sababu mashine ile tangu mwanzo ilikuwa na tundu la analogi na Revs inaisoma vizuri. Mkono utapata usukani unaolingana na ulivyousogeza. Kibodi inawezekana pia, na mimi mpaka leo natumia kibodi, lakini itakuchelewesha. Mzunguko wa kwanza uende pole kupita kiasi, gia ya tatu tu, hata kama unaona aibu. Lengo ni kuumaliza bila kugusa nyasi. Kisha wa pili, ongeza spidi kwenye njia zilizonyooka pekee, kona ziache kama zilivyokuwa. Kona moja kwa siku inatosha. Injini ikikuzimikia baada ya ajali, iwashe kwa kitufe cha T, rudi barabarani, usianze gemu upya kila ukikosea, maana kujitoa kwenye nyasi nako ni sehemu ya uendeshaji.

Ukifikia mbio, utajikuta miongoni mwa magari 20, na majina ya madereva utayafurahia: Johnny Turbo, Hugh Jengine, Miles Behind, yote yametungwa kwa kuchezea maneno ya Kiingereza. Anza daraja la chini kabisa la ushindani, la wanaoanza. Na rafiki zako wa hosteli mnaweza kujiandikisha madereva kadhaa na kupokezana kiti. Ungewapa nafasi hiyo hao ambao hawakufikii kwenye simu, huenda mkashangazana.

Silverstone ikishakuwa yako, tafuta nyongeza ya mwaka 1985, Revs 4 Tracks. Ina Brands Hatch, Donington Park, Oulton Park na Snetterton. Silverstone na Snetterton zilikuwa viwanja vya ndege za kivita, kwa hiyo ziko bapa. Brands Hatch ni kinyume chake. Kona yake ya kwanza, Paddock Hill, inashuka ghafla huku inapinda kulia, na kwenye Revs unaingia bila kuona inakoishia: lami inapotea chini ya pua, kwa kitambo unaona anga peke yake, kisha barabara inajitokeza tena chini kabisa, upande ambao hukuutarajia. Mara ya kwanza nilitoa vidole kwenye kibodi. Kumbuka hiyo ni kompyuta isiyojua kuzidisha, na bado tumbo langu liliamini kwamba tunashuka mlima.

Crammond hakuishia hapo. Mwaka 1989 alitoa Stunt Car Racer, magari yanayoruka kwenye njia zilizoinuliwa hewani, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja Formula One Grand Prix na wadogo zake watatu, wa mwisho mwaka 2002. Ukicheza hizo baada ya Revs, utalitambua gari. Limepata matairi mazuri na picha nzuri, lakini linakudai vilevile kwenye kona.

Jaribu wiki mbili. Ukimaliza mizunguko mitatu mfululizo ya Silverstone bila nyasi, niandikie uniambie bawa la mbele umelifikisha ngapi, na Woodcote unaipita kwa gia gani.